Msimwite, Yuko Kazini

London, 12 Februari 2023

Mdogo wangu Getruda,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi. Mimi mzima, ila goti linanigomea nikipanda ngazi. Mwanangu Rachel hajambo, bado yuko Manchester na kazi yake ya maabara. Anasema shangazi asiache kumtumia michembe ya viazi, ingawa ile ya mwaka jana ilifunguliwa uwanja wa ndege, wakadhani ni mizizi ya uchawi. Mama anaendeleaje? Mpe shikamoo yangu, na umpe kwa Kisukuma, siyo kwa hicho Kiswahili chako cha ualimu. Na masikio yako? Nestory aliniambia ulipewa kifaa cha kusikilizia ukakitupa kabatini, eti kinakoroma kama redio mbovu. Basi tuendelee na kalamu, mdogo wangu. Mwanao anaweza kunipigia simu, wewe utaniandikia.

Sasa kaa chini, nina jambo.

Unaijua kazi yangu. Tangu niache ule uhandisi niliotumwa kusoma nikaingia kwenye maigizo, miaka arobaini na ushee, nimekuwa mtu wa pembeni. Nimekuwa daktari anayeleta majibu mabaya kisha anatoka. Nimekuwa dereva wa teksi, mlinzi, mchungaji, balozi wa nchi isiyokuwepo, jenerali sijui mara ngapi. Jukwaani nimesimama nyuma ya wafalme nimeshika mkuki mpaka soli zikaisha. Watu wananisimamisha sokoni, "Wewe nakujua, tulifanya kazi pamoja?" Sura wanayo, ila hawajui wameitoa wapi. Sijalalamika. Kazi hiyo imenilisha na imemsomesha mtoto.

Lakini Jumanne iliyopita wamenipa mzee. Ni tamthiliya mpya. Mzee ana nyumba ya wageni kwenye mji wa pwani ya kaskazini huku, pamepoa, wageni hawaji tena, na watoto wake wanataka iuzwe. Yeye hataki. Mzee huyo yupo jukwaani tangu taa zinawaka mpaka zinazimwa. Ni mimi, Getruda. Siyo anayemletea chai. Ni mimi mwenyewe.

Tena nimewaambia neno moja. Wakala wangu wa kwanza alisema Luhende Machibya ni jina refu, akaniandika Louis Hendy, na Louis Hendy ndiye aliyecheza vyote hivyo. Safari hii kwenye bango nataka jina alilonipa baba. Wamekubali.

Mazoezi yanaanza Aprili, tunafungua Juni, tunamaliza mwisho wa Agosti. Mwambie mama Septemba nakuja. Safari hii siyo maneno.

Kaka yako,
Luhende


Kisesa, 9 Machi 2023

Kaka yangu Luhende,

Shikamoo. Sisi tunamshukuru Mungu. Mvua imeanza vizuri, mpunga wetu wa Magu umesimama, na Nestory anakushukuru kwa salamu zako za harusi. Yeye na Hellen wamehamia Buswelu, wamefungua duka la mabati na misumari. Hellen ni binti mzuri, anazungumza nami ana kwa ana ili nisome midomo yake. Wengi hupiga kelele tu kama wananifukuza shambani.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama palepale posta. Nikafika nyumbani nikamkalisha mama barazani nikamgeuzia yote kwa Kisukuma. Nilipofika kwenye jina, akasema, "Huyo Louis sikuwahi kumzaa. Vizuri amemfukuza." Kisha akauliza swali lake lilelile: "Huyo mzee, mwishoni anakufa?"

Unajua kwa nini anauliza. Hajasahau ile filamu uliyopigwa risasi mlangoni kwa waziri. Tulimwambia ni maigizo, damu ni rangi, lakini alipokuona unaanguka alipiga ukunga mpaka majirani wakaja na mikeka wakijua tumefiwa. Siku nzima hakula. Wewe ukapiga simu ukazungumza naye, akakujibu, "Usife tena, mimi ni mtu mzima." Tangu hapo lazima ajue kwanza.

Ila anajivuna, kaka. Padri alipopita, mama alimwambia, "Mnakumbuka yule Pilato wetu wa Ijumaa Kuu? Sasa amepewa nyumba nzima kule Ulaya." Padri mwenyewe hakuwa amezaliwa wakati wewe unanawa mikono mbele ya kanisa kwenye karai letu la kuogea.

Afya yake nzuri. Miguu imevimba kidogo, lakini ni kwa sababu ya kukaa sana. Usiwe na wasiwasi.

Tujibu kuhusu huyo mzee.

Mdogo wako,
Getruda


London, 2 Aprili 2023

Mdogo wangu Getruda,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mpunga umesimama. Huku maua yameanza kuchungulia, na mimi nimeanza kutembea kandokando ya mto kila asubuhi nikijisemea maneno ya mzee wangu. Watu wananipisha njia.

Mwambie mama hafi. Mwishoni watoto wanabeba vyombo vyote, meza, vitanda, mapazia, anabaki mzee na kiti kimoja katikati ya nyumba tupu. Anakaa. Taa zinazimwa. Basi. Mwongozaji wetu, dada mdogo kuliko Rachel lakini ana kichwa, anasema pale nisifanye lolote. Nikae tu. Nimemwambia hilo naliweza, nina miaka arobaini ya kukaa bila kufanya lolote.

Maneno ni mengi. Zamani nilikuwa nikisoma ukurasa mara mbili unaingia kama maji kwenye mchanga. Sasa unaingia, halafu asubuhi sijui umetokea wapi. Ni uzee. Na ni mazoea ya kuwa na sentensi mbili tatu kwa kazi nzima!

Nestory naye, ataoa lini? Mwambie asicheleweshe kama mjomba wake. Nikija Septemba nataka kukuta mkwe.

Miguu ya mama imeonwa na daktari? Hukuniambia.

Kaka yako,
Luhende


Buswelu, 14 Mei 2023

Kaka Luhende,

Shikamoo. Usishangae kuona nimeandika kutoka Buswelu. Niko kwa Nestory, na mama nimekuja naye, tumesema abadilishe hewa kidogo. Hapa upepo wa ziwa unafika, na Hellen anampikia sato mchuzi mwembamba, anakunywa vizuri. Kisesa tumemwachia Mzee Ndalahwa, yule jirani, atuangalizie nyumba na kuku.

Kaka, Nestory ameshaoa. Ulituma salamu, tena ndefu, tukazisoma mbele ya wageni. Nikasema labda ni mawazo ya kazi. Kula vizuri na ulale.

Mama amefurahi kwamba mzee hafi, ila hakupenda watoto wanaobeba vitanda. Amesema, "Watoto gani hao? Kwani hakuna hata mmoja wa kubaki naye?" Nikamwambia ni maigizo. Akasema, "Aliyeyaandika ameona mahali."

Miguu inaendelea. Daktari amemwona, amempa vidonge.

Wewe fanya kazi yako, kaka. Sisi tupo.

Getruda


London, 20 Juni 2023

Mdogo wangu Getruda,

Habari za huko? Mimi sijambo, Rachel hajambo. Samahani kwa kimya, kazi imenibana.

Tumefungua. Ukumbi ulijaa mpaka juu. Nilivaa sweta la kijivu na kandambili za nyumbani, na nilipotokea walikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mtu akifungua pipi. Baadaye walisimama wakapiga makofi muda mrefu. Mama mmoja alinisubiri nje akaniambia nimemkumbusha baba yake. Mwambie mama hayo. Mwambie jina lipo kwenye bango, herufi kubwa, Machibya yote.

Nitaandika tena nikipata nafasi. Simu siku hizi naizima kwa sababu ya jukwaa, kwa hiyo Nestory asihangaike kupiga.

Msalimieni mama. Septemba.

Luhende


Kisesa, 28 Julai 2023

Kaka yangu,

Rachel ameshakuambia, najua. Lakini nataka uisikie na kwangu mimi, maana ni mimi niliyekuwepo, na ni mimi niliyekunyima.

Mama ametutoka Jumatano ya tarehe 19, asubuhi, kwa Nestory. Tulimzika Jumamosi hapa Kisesa, ubavuni mwa baba. Watu walijaa. Walikuja mpaka wale wanakwaya wenzake wa Magu, vikongwe watupu, wakaimba wamekaa kwa sababu kusimama hawawezi.

Haikuwa miguu, kaka. Ni moyo. Tulipokwenda Buswelu mwezi wa tano hatukwenda kubadilisha hewa. Alikuwa amelazwa mjini wiki nzima, akaruhusiwa, akarudishwa tena Juni. Mara ile ya kwanza daktari alimwita Nestory na mimi pembeni, akamwandikia Nestory maneno kwenye karatasi anionyeshe: moyo umechoka, tumfurahishe tu. Usiku ule nilichukua kalamu nikuandikie ukweli. Mama akaniona. Akauliza, "Unamwandikia Luhende?" Nikamwambia ndiyo, aje. Akasema, "Msimwite. Yuko kazini. Amengoja hiyo kazi tangu ana nywele nyeusi." Nikambishia. Mara ya kwanza maishani mwangu nilimbishia mama mpaka nikalia. Akasema tena, "Mtu aliye katikati ya kazi yake haitwi. Akimaliza, mwambieni."

Nikatii. Nilijua nakosea, nikatii.

Barua yako ya kufungua ilifika siku nne kabla. Nilimsomea. Akataka tena. Nilimsomea kila siku, na kila siku alicheka pale kwenye kandambili. Jumanne jioni aliniambia nianze pale watu waliposimama. Nikaanza pale. Alilala akiwa ananisikiliza. Alfajiri Hellen alimpelekea uji, akatoka chumbani, na mimi nikasoma uso wake.

Nestory alikupigia siku ile na kesho yake, inaita tu. Tukajua uko jukwaani, ulishatuambia. Rachel tulimpata kwa shida, kupitia rafiki yake kwenye mtandao, wakati tunatoka kanisani na jeneza.

Nisamehe kama unaweza. Na umalize kazi yako, kwa sababu ndiyo aliyoitaka.

Getruda


London, 3 Septemba 2023

Getruda,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana. Leo Rachel yuko chumba cha pili, amesema hatoki mpaka nimalize.

Sikuwa jukwaani.

Walinitoa tarehe 19 Mei, kabla hatujafungua. Hakuna aliyenionea. Nikuambie ilivyokuwa.

Wiki ya kwanza ya mazoezi nilishika kitabu mkononi kama wengine. Ya pili wengine wakaviweka chini. Mimi nikaweka, nikasimama, hakuna kitu. Siyo kwamba nilisahau sentensi moja, hilo humpata kila mwigizaji, kuna binti anakaa pembeni anakunong'oneza neno la kwanza na lote linakuja. Mimi aliponinong'oneza neno la kwanza nilimtazama. Nililisikia, lakini halikunifungulia kitu. Nilikwenda nyumbani nikabandika maneno ukutani, kwenye friji, mlango wa choo. Asubuhi niliyasoma kama ya mtu mwingine.

Siku ile tulikuwa kwenye kipande kikubwa. Binti wa mzee anamwambia, "Baba, saini." Mimi natakiwa nimjibu ukurasa mzima kwa nini siuzi. Nikafungua mdomo. Yakatoka maneno, Getruda, yakatoka mengi, na nilihisi raha, nikasema leo nimeweza. Nikaona wenzangu wamesimama wananitazama. Yule dada anayecheza binti yangu machozi yanamtoka. Nilikuwa nimesema yote kwa Kisukuma. Nilikuwa namwita mayu, mama. Nilikuwa namwomba anifungulie mlango kwa sababu mbuzi wote nimerudi nao, hakuna aliyepotea.

Mwongozaji alinipeleka jikoni kwao, akafunga mlango, akanichemshia chai. Aliniuliza, "Umechoka, Luhende?"

Nikamwambia, "Sijachoka. Nimepotea."

Akasema, "Tangu lini?"

Hata hilo sikulijua. Akanishika mkono, akasema lazima amtafute mtu mwingine, na akalia yeye zaidi yangu. Walibadilisha bango. Sikwenda kuangalia.

Basi sweta la kijivu ni kweli, walinishonea. Mengine yote niliyatunga mezani pangu. Sikuweza kukuandikia wewe, na wewe umsomee mama, kwamba yule mzee kapewa mtu mwingine.

Na simu. Haikuwa imezimwa. Nestory alipopiga ilikuwa hapa mezani, na mimi nimekaa mbele yake. Niliona namba ya nyumbani inawaka. Nikasema, wanataka kuniuliza habari za mchezo. Kwenye karatasi niliweza kudanganya. Kwa sauti mama angenijua kabla sijamaliza salamu. Nikaiacha ikaita mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Nikaifunika na mto.

Toka Mei sikuwa na kazi yoyote, mdogo wangu. Nilikuwa nakwenda mtoni na kurudi. Ningeweza kupanda ndege siku yoyote. Ningemshika mkono wiki nane nzima.

Sijui nikuambie nini tena.

Luhende


Kisesa, 11 Oktoba 2023

Kaka,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku nyingi bila kuijibu kwa sababu kila nikishika kalamu naandika matusi.

Nina hasira na wewe. Acha niseme. Niliosha miguu ya mama ilivyokuwa imejaa maji, nikawa najiambia, vumilia, kaka yupo mbele za watu, anamtaja baba yetu kwa herufi kubwa. Ndicho kilichonishikilia. Kumbe umekaa chumbani umefunika simu na mto! Nilipofika hapo niliondoka nikaenda mpaka shambani. Ndalahwa alinikuta nimekaa kwenye tuta, akadhani nimeanguka.

Nina hasira na mimi pia. Ningekuandikia mwezi wa tano, barua ingekufikia Juni, ungekuja. Mama angenikasirikia wiki moja, halafu angekuona. Nilitii mahali ambapo sikupaswa kutii. Na mama naye namkasirikia, halafu nakwenda kanisani kuungama kwamba nimemkasirikia marehemu.

Watu watatu, kaka, kila mmoja anamficha mwenzake ili asimwumize. Ona tulipofika.

Lakini nimekaa nikawaza jambo lingine, nalo ni haki nikuambie. Uliloandika lilikuwa la uongo. Mama aliondoka nalo. Hakuondoka akiwa na wasiwasi kwamba mwanawe anatembea peke yake kandokando ya mto amepotewa na maneno. Aliondoka akisikia makofi. Mimi siwezi kusema ulifanya vizuri. Siwezi pia kutamani usingeiandika.

Kingine. Ule mlango uliomwomba yule binti akufungulie. Nimeukumbuka. Ulikuwa na miaka saba au nane, mvua kubwa, mbuzi wakatawanyika huko milimani kwenye mawe, na baba akasema usirudi bila wote. Ulirudi giza limeingia, ukapiga mlango ukilia unawataja mbuzi mmojammoja kwa jina. Mimi nilikuwa mdogo mno, lakini mama alikuwa akituhadithia. Sasa niambie, mtu anayekumbuka mbuzi wa mwaka ule, na hakumbuki kama mpwa wake ameoa, ana nini? Umekwenda hospitali? Nijibu hilo. Mengine tutayalia baadaye.

Getruda


London, 26 Novemba 2023

Mdogo wangu mpendwa Getruda,

Marahaba, na asante kwa matusi uliyoandika na yale uliyoyaacha. Hellen hajambo? Nestory, ambaye ameoa, hajambo? Unaona nimejitahidi.

Nimekwenda hospitali, Rachel alinipeleka. Walinipiga picha za kichwa. Daktari aliniomba nichore saa ya ukutani, nikachora duara zuri sana, halafu sikujua namba zinakaa wapi. Ajabu ni kwamba nimewahi kucheza daktari huyo. Nimewahi kukaa kwenye kiti chake na koti lile na kumwambia mgonjwa maneno yaleyale, kwa huruma, nikasifiwa gazetini. Hata yeye alinitazama akasema, "Samahani, tumewahi kuonana?"

Ni ugonjwa wa kusahau. Umeshaanza muda, na haurudi nyuma. Dawa zipo za kuupunguza mwendo. Aliniambia kilichoingia mwisho kinatangulia kutoka, na cha zamani kinakaa. Kwa hiyo kwangu Kiingereza kitaondoka kwanza. Nimekifanyia kazi tangu nina miaka ishirini na mbili, nikakinyoosha mpaka wenyewe wakanilipa nikiseme mbele yao. Sasa najikuta dukani naomba mkate na neno halipo. Rachel ananisemea. Lakini Rachel, Getruda, nilimlea kwa Kiingereza. Sikumfundisha kingine. Kikiisha kwangu, mimi na mwanangu tutazungumza nini?

Nilimwambia hivyo. Akasema, "Baba, basi nenda mahali ambapo watakuelewa. Mimi nitakuja kila likizo, nitajifunza."

Ndiyo maana naandika. Sitaki kukudanganya, sitakuja kama mgeni wa Septemba. Nikija ni kukaa. Nitakusumbua. Itafika siku nitakuuliza mama yuko wapi, utaniambia, nitalia upya kama siku ya kwanza, na kesho nitakuuliza tena. Rachel amesoma kwenye vitabu vyao, ndivyo inavyokuwa. Fikiri kabla hujajibu. Wewe mwenyewe masikio hayasikii, umetoka kuuguza. Ukisema haiwezekani nitaelewa, zipo nyumba za wazee huku, safi, na zina bustani.

Naogopa, mdogo wangu. Hilo ndilo nililotaka kuandika tangu mwanzo wa barua.

Kaka yako,
Luhende


Kisesa, 8 Januari 2024

Kaka yangu Luhende,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Hellen amejifungua mtoto wa kike siku ya pili ya Krismasi, mama na mtoto wazima. Amepewa jina la mama, Tereza. Mvua inaendelea, dagaa wamekuwa wengi mpaka bei imeshuka, na Ndalahwa amepaka chokaa chumba cha mbele bila kuombwa.

Nimefikiri, kama ulivyosema. Nilifikiri kuanzia posta mpaka nyumbani. Njoo.

Kuhusu siku utakayouliza mama yuko wapi, nimezungumza na padri, nimezungumza na Nestory, na nimeamua mwenyewe. Kuficha tumeshaficha vya kutosha, sitakuficha tena. Ukiuliza nitakuambia, na tutakwenda pamoja hapo nyuma ya nyumba tumsalimie. Ukiuliza kesho tutakwenda tena. Mimi ni mwalimu, nimeshawahi kurudia jambo moja mara nyingi kwa watu wasioshika. Nilikuwa sichoki.

Nimeandikiana na Rachel, Nestory ndiye aliyechapa kwenye simu. Atakupandisha ndege tarehe 17 Februari, na ameomba watu wa ndege wakuangalie njiani. Mwanza utafika kesho yake mchana. Tutakuwa watatu, mimi, Nestory na Hellen, na mtoto mgongoni.

Najua hilo la uwanjani ndilo linalokutia hofu, Rachel ameniambia unaamka usiku unauliza utamjuaje Getruda. Ni kweli tangu tumzike baba hatujaonana, na mimi nimekuwa bibi. Basi usihangaike kunitafuta. Wewe tembea tu na wenzako mpaka nje. Utaona mama mfupi mwenye miwani anakuja moja kwa moja kwako, hasimami, hata askari akimzuia. Hatakusikia ukimwita, na wewe huenda usimjue. Mwache akushike mkono.

Mdogo wako,
Getruda